Kampuni, wahitimu, vitu au ruzuku: nani aombwe nini kwa shughuli ya wanafunzi

Kikundi cha wanafunzi kikihitaji pesa, kawaida huandikwa barua moja, ikatolewa nakala thelathini, ikasambazwa benki, mitandao ya simu, viwanda vya soda na ofisi ya mbunge. Kisha watu wanakaa kusubiri. Majibu yakija huwa machache, na mengi ni ya kukataa kwa heshima. Kosa mara nyingi haliko kwenye lugha ya barua. Liko kwenye kumwomba kila mtu kitu kilekile, ilhali benki, daktari aliyehitimu hapo miaka kumi iliyopita, duka la vifaa tiba na shirika la ruzuku hawatoi kwa sababu moja, wala pesa yao haitoki mfuko mmoja.

Ili ulinganisho usielee hewani, tuchukue mfano: wanafunzi wa udaktari na uuguzi Dar es Salaam wanataka kufanya kambi ya siku mbili ya kupima presha na sukari bure, watu 600, katika kata moja. Bei hizi ni za kupigia hesabu tu. Zenu zitatoka kwenye profoma za maduka, yaani karatasi za bei zinazotolewa kabla ya kununua.

- Vifaa vya kupimia: 2,000,000
- Maturubai, viti na spika: 1,000,000
- Usafiri: 500,000
- Chakula, wahudumu 40 kwa siku 2, 8,000 kila mmoja kwa siku: 640,000
- Fulana 50 kwa 15,000: 750,000
- Mabango na fomu: 260,000
- Dharura, asilimia 10: 515,000
- Jumla: shilingi 5,665,000

Mstari wa vifaa ufunguliwe zaidi, kwa sababu mtoaji mwenye akili atauliza hapo kwanza. Watu 600 ni stripu 600 za sukari, ongeza asilimia 10 za kuharibika, 660. Zikiuzwa kwa makopo ya 50, ni makopo 14. Glovu kwa kubadilisha kila mteja ni jozi 600, yaani maboksi 12 ya vipande 100. Mashine za presha: mtu mmoja huchukua kama dakika tano akikaa vizuri, hivyo mashine moja hupima 12 kwa saa, 72 kwa saa sita, 144 kwa siku mbili. Kwa watu 600 zinatakiwa tano, na ya sita ya akiba. Ongeza sindano za kutobolea kidole, pamba, spiriti, betri za akiba na masanduku ya taka zenye ncha kali. Andiko lenye hesabu ya namna hii husomwa. Lililoandikwa "vifaa tiba, 2,000,000" huwekwa pembeni.

Sasa tazama bajeti hiyo kwa macho ya mtoaji. Hakuna kampuni itakayofurahi kulipia dizeli. Hakuna mhitimu atakayechangia fulana yenye nembo ya benki. Kila mstari una mtu wake, na kazi ya kamati ni kuwakutanisha.

| | Kampuni (pesa) | Wahitimu na ndugu | Vitu badala ya pesa | Ruzuku |
|---|---|---|---|---|
| Anachotaka | Kuonekana, wateja wapya | Kumwamini anayeomba | Kutangaza duka, kuondoa akiba | Matokeo na nyaraka |
| Muda wa kuanza kabla | Walau miezi 3 hadi 6 | Wiki 4 hadi 6 | Wiki 6 hadi 8 | Miezi 6 hadi mwaka |
| Mstari unaomfaa | Fulana, mabango, jukwaa | Usafiri, chakula, dharura | Vifaa, maji, maturubai | Mradi wa mwaka mzima |
| Kinachoharibu | Risiti, ahadi za upekee | Ahadi zisizolipwa, jina la mtu binafsi | Vitu visivyooana, vinavyokaribia kuisha muda | Usajili |

Kampuni

Pesa ya kampuni hukaa kwenye mifuko miwili isiyofanana. Mmoja ni wa masoko. Huu hununua macho ya watu: nembo kwenye fulana, meza ya kufungulia akaunti, dakika tano jukwaani. Benki inayokuja chuoni hupima siku yake kwa idadi ya akaunti zilizofunguliwa, na mtandao wa simu kwa laini zilizosajiliwa kwa alama za vidole. Kwa hiyo barua ya kwenda masoko isianze na shida zenu. Ianze na idadi: wanafunzi wangapi wa mwaka wa kwanza watakuwepo, wakazi wangapi, umri gani, saa ngapi watakaa eneo hilo, ukurasa wenu wa Instagram una wafuasi wangapi.

Mfuko wa pili ni wa uwajibikaji kwa jamii. NMB na CRDB zimetangaza hadharani kwamba hutenga asilimia 1 ya faida baada ya kodi kwa kazi hiyo, na ukifuatilia habari zao utaona inakokwenda: madawati, mabati, vitanda vya hospitali, vitu vinavyokabidhiwa kwa taasisi na kubaki. Fulana hazimo. Lakini kambi hiihii ikiisha kwa kukabidhi mashine mbili za presha kwa zahanati ya kata, imeingia kwenye mfuko huo. Hayo ni maombi mawili, kwa vitengo viwili, na ni bora yawe barua mbili. Migodi ina njia yake: tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017, mpango wa mgodi wa kuhudumia jamii hukubaliwa na halmashauri, hivyo wanafunzi walioko mikoa ya migodi waanzie halmashauri, vinginevyo barua itarudishwa huko.

Kalenda ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Vodacom Tanzania na Safaricom hufunga mwaka wa fedha tarehe 31 Machi, kampuni ya bia ya EABL tarehe 30 Juni, benki nyingi 31 Desemba. Kambi yetu inafaa iangukie Siku ya Kisukari Duniani, tarehe 14 Novemba, ambayo mwaka 2026 ni Jumamosi. Lakini Novemba bajeti ya benki imebaki makombo. Barua iingie mwanzoni mwa mwaka wao, ikitaja tarehe ya Novemba, na ikumbushwe Agosti. Ugumu ni kwamba Agosti ni likizo na kamati imetawanyika mikoani, kwa hiyo mapema achaguliwe mtu mmoja anayeishi jijini awe mfuatiliaji, na simu yake iandikwe kwenye barua.

Kuhusu barua yenyewe: ukurasa mmoja, kumbukumbu namba, "YAH: Ombi la udhamini wa…", kiasi kinachoombwa kitajwe aya ya kwanza, kinachotolewa badala yake aya ya pili. Isainiwe na mwenyekiti na mlezi wa klabu. Ambatisha barua ya utambulisho kutoka ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, bajeti ya ukurasa mmoja na profoma. Peleka kwa mkono, nenda na nakala ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila nakala hiyo, ukirudi utaambiwa barua haijaonekana na huna la kusema. Fuatilia baada ya siku tano za kazi. Meneja wa tawi lililo jirani na chuo ana uwezo mdogo wa kuamua mwenyewe. Makao makuu yana uwezo mkubwa na foleni ndefu. Kwa ombi lililo chini ya milioni mbili, tawi ndilo sahihi.

Panapokwama zaidi ni malipo, baada ya kukubaliwa. Mhasibu wa kampuni anataka risiti ya EFD, mashine ya risiti inayotambuliwa na mamlaka ya kodi, na kikundi cha wanafunzi hakina mashine hiyo. Kenya ni hivyohivyo: tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi ya huko, haikubaliki kupunguza kodi. Njia ya kwanza ni pesa kupitia chuo. Chuo cha umma kitatoa kumbukumbu namba ya malipo ya GePG, mfumo wa malipo wa serikali, pesa itaingia salama, kisha kuitoa ndiyo kazi: manunuzi hupitia NeST, mfumo wa manunuzi ya umma, na pesa taslimu hutolewa kama masurufu (pesa ya kazi inayotolewa kabla na kudaiwa risiti baadaye) kwa jina la mtumishi, kamwe si mwanafunzi, na mtumishi huyo ndiye atakayedaiwa kuyarejesha kwa risiti. Mlezi akiwa na masurufu ya nyuma hajayarejesha, hapewi mengine na kambi inasimama. Njia ya pili ni nyepesi na ndiyo tunayoipendekeza: kampuni imlipe mzabuni moja kwa moja. Mchapishaji wa fulana anatoa risiti ya EFD kwa jina la kampuni, wanafunzi wanachukua fulana, hakuna senti inayogusa mkono wa kamati. Ndiyo maana profoma iambatishwe tangu mwanzo.

Vifurushi vya "Dhahabu, Fedha, Shaba" vinapendwa sana, na havina ubaya, ila vingi hupangwa kichwa chini: bei kwanza, faida baadaye. Orodhesheni kwanza mlivyo navyo vya kuuza, halafu mvigawe. Na mkiandika kwamba mdhamini mkuu atakuwa benki pekee, basi awe pekee kweli. Kumweka mshindani wake meza ya pili kumewafungia wanafunzi wengi milango ya mwaka unaofuata.

Yapo makampuni ya kukataa hata yakija na pesa. Kampuni za kamari na pombe hukatazwa na vyuo vingi, ulizeni kabla ya kuandika. Kenya, Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2007 inazuia udhamini wa tumbaku. Kikundi cha afya kisipokee chochote kutoka kwa wauzaji wa maziwa mbadala ya watoto wachanga; kanuni ya kimataifa ya 1981 kuhusu uuzaji wa maziwa hayo ipo kwa ajili hiyo, na Kenya ina sheria yake ya 2012. Tena mdhamini akiomba orodha ya majina na simu za waliopimwa, jibu ni hapana. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ni sheria ya 2019. Mtu aliyekuja kupimwa sukari hakuja kuuziwa bima. Akitaka kujiandikisha, meza ya mdhamini ipo, aende mwenyewe.

Wahitimu, walimu, ndugu

Hapa ndipo pesa ya haraka ilipo, na ndiyo pesa inayoruhusu kulipia usafiri na chakula. Kwa mfano wetu, usafiri, chakula na dharura ni 1,655,000. Kwa wastani wa 20,000 kila mtu, ni watu 83. Lakini ahadi si pesa. Kamati yenye busara huhesabu nusu tu ya ahadi kuwa zitalipwa, kwa hiyo itafute ahadi kama 166, na isitie saini mkataba wa maturubai kwa kutegemea orodha ya ahadi.

Kundi la WhatsApp lenye orodha inayonakiliwa na kila mchangiaji (1. fulani 20,000, 2. fulani 50,000) linafanya kazi kwa sababu watu huona wenzao wametoa. Linaharibika kwa njia mbili. Watu wawili hunakili orodha kwa wakati mmoja na jina la mmoja hupotea. Anakasirika, na ana haki. Mweka hazina mmoja tu ndiye airekebishe orodha, mara mbili kwa siku, akilinganisha na ujumbe wa malipo. Pili, orodha ikianza na 5,000, wote wanaofuata hutoa 5,000. Zungumzeni kwanza faragha na watu watano wenye uwezo, majina yao ndiyo yafungue orodha.

Ujumbe wa mtu binafsi huleta zaidi kuliko tangazo la kundi, hasa ukiomba kitu chenye sura:

"Shikamoo Dokta. Mimi ni mweka hazina wa klabu yetu ya afya, mwaka wa tatu. Tarehe 14 na 15 Novemba tunapima presha na sukari bure kwa watu 600. Tuna wahudumu 40 na tunaomba utulipie chakula cha mmoja wao kwa siku zote mbili, shilingi 16,000. Namba ya malipo ni hii hapa chini, jina litakalotokea ni la klabu. Taarifa ya matumizi tutakutumia mwezi huohuo."

Angalieni sentensi ya jina. Pesa ikielekezwa kwenye laini ya simu ya mtu, nusu ya wasomaji huishia hapo. Fungueni Lipa Namba au akaunti ya kikundi. Benki itataka katiba, muhtasari wa kikao kilichoamua kufungua akaunti, barua ya utambulisho na namba za NIDA za watia saini. Watia saini wawe watatu, wawili wakitosha kutoa pesa, na angalau mmoja asiwe wa mwaka wa mwisho. Akaunti nyingi za wanafunzi hulala na pesa ndani kwa sababu wote watatu walihitimu Julai na kutawanyika.

Kenya, laini ya M-Pesa ya mtu binafsi haipitishi zaidi ya shilingi 250,000 za huko kwa muamala mmoja wala haihifadhi zaidi ya 500,000, hivyo changizo kubwa lipite Paybill (namba ya M-Pesa ya kupokelea malipo ya taasisi) au jukwaa la michango kama M-Changa, lililopo tangu 2012 na linaloonyesha hesabu kwa mchangiaji. Kwa walio ughaibuni, jukwaa la michango la GoFundMe halilipi kwenye akaunti za Tanzania wala Kenya. Kinachobaki ni mhitimu mmoja aliye huko kukusanya kwa jina lake, akieleza wazi pesa inakokwenda, au kila mtu kutuma mwenyewe kwa huduma kama WorldRemit moja kwa moja kwenye simu. Ya pili ina makato kwa kila anayetuma, ila haimbebeshi mtu mmoja mzigo wa kuaminika na wote.

Harambee ya ukumbini yenye mgeni rasmi na mnada wa keki ni tawi la njia hii, na kwa kikundi kidogo hatuishauri. Ukumbi, chakula na muziki vinaweza kumeza kilichopatikana, na yote yanategemea mgeni mmoja. Wanasiasa wanazidi kuwa wagumu kuwategemea pia: Kenya, Rais William Ruto alitangaza Julai 2024 kuwazuia maofisa wa umma kushiriki harambee, na uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 utafanya kila bahasha ya mwanasiasa ionekane kampeni. Matembezi ya hisani ni bora kuliko ukumbi, kwa kuwa fulana ndiyo tiketi na mdhamini anaweza kuilipia yote.

Vitu badala ya pesa

Kwa kikundi kisicho na jina, hii ndiyo njia rahisi kuliko zote, na ajabu ni kwamba huombwa mwisho. Mwenye duka la vifaa tiba anayeona uzito kutoa laki tano anaweza kutoa makopo 14 ya stripu kwa sababu yeye ameyanunua kwa bei ya jumla. Kiwanda cha maji kitatoa katoni bila kikao cha bodi. Viti na turubai, ulizeni kwanza serikali ya mtaa, shule ya msingi, msikiti au kanisa la jirani kabla ya kukodi.

Ila kuweni wakali kwenye mapokezi. Stripu za sukari hazibadilishani mashine: za kampuni moja hazifanyi kazi kwenye mashine ya nyingine, na makopo 14 yasiyoendana na mashine zenu ni takataka. Ombeni mashine na stripu zake pamoja, au mtaje aina kwenye barua. Tarehe ya kuisha muda ipite siku ya kambi kwa miezi mitatu walau, kwa sababu kambi huahirishwa. Kopo likishafunguliwa, fuateni muda ulioandikwa juu yake. Andikeni hati ya makabidhiano: kitu, idadi, namba ya toleo, tarehe ya kuisha, saini mbili. Yaliyobaki yaende zahanati kwa hati hiyohiyo. Na kabla ya kuomba kifaa chochote, barua ya ruhusa ya Mganga Mkuu wa halmashauri iwe mkononi, maana duka makini litaiuliza.

Ruzuku

Kwa kambi ya siku mbili, achaneni nayo. Mashirika na balozi hutaka taasisi iliyosajiliwa, kwa mfano chini ya Sheria ya NGO ya 2002, yenye akaunti na hesabu zilizokaguliwa. Klabu ya chuo haina hivyo. Tangu USAID, shirika la misaada la Marekani, ifungwe rasmi Julai 2025, mashirika yaliyoitegemea nayo yako kwenye foleni ya ruzuku ndogondogo mnazozitazama ninyi. Mkiwa na mradi wa mwaka mzima, mathalani kufuatilia wagonjwa mliowagundua, ungeni na asasi iliyosajiliwa ambayo itaomba kwa jina lake. Klabu za Rotary ni jambo la kati: chuo chenye Rotaract, klabu yake ya vijana, kina mlango wa moja kwa moja, na hupenda miradi yenye kitu cha kukabidhi.

Mgawanyo wa mfano wetu

Vifaa, 2,000,000, viombwe kama vitu kwenye maduka matatu na si moja. Fulana na mabango, 1,010,000, tawi la benki limlipe mchapishaji. Maturubai na viti, 1,000,000, viazimwe kwanza, vikikosekana ndipo mtandao wa simu upewe jukwaa na spika. Kinachobaki, 1,655,000, ni cha wahitimu. Ikitokea benki ikakataa wiki ya mwisho, kambi inafanyika bila fulana. Wahitimu wasipochanga, watu hawafiki wala hawali. Kwa hiyo wahitimu na maduka ndio wa kutangulia kupatikana, na benki iliyokwisha kuandikiwa ikumbushwe tena, ikiambiwa kwamba nusu ya gharama tayari imepatikana. Meneja wa tawi huona wepesi zaidi kuweka nembo kwenye kitu ambacho kitafanyika hata asipokuwepo.

Ndani ya siku 14 baada ya kambi, kila mtoaji apate kurasa mbili: waliopimwa wangapi, wangapi walipewa rufaa kwenda zahanati, jedwali la mapato na matumizi, picha nne ambazo nembo inasomeka na nyuso za wagonjwa hazionekani, na salio limekwenda wapi. Mdhamini wa kampuni apewe pia nakala ya kidijitali ya picha, maana afisa masoko naye anadaiwa ripoti na mkuu wake. Nakala moja ya kila kitu, pamoja na majina ya vitengo vilivyojibu na vilivyokaa kimya, iingie kwenye faili la klabu kabla kamati haijabadilika.